Maji ya Nairobi huchemka kwenye nyuzi 94: Sayansi ya Gredi ya 7 hadi 9 kwa vifaa vya jikoni

Mwanafunzi akichemsha maji kwao Kayole au Kawangware na kutumbukiza kipimajoto, kipimo kitapanda hadi karibu nyuzi 94 za Selsiasi na kukwama hapo. Wengi huitazama hiyo 94, kisha huandika 100 daftarini kwa kuwa ndivyo kitabu kilivyosema. Hakuna kosa linaloniuma zaidi katika somo la Sayansi Jumuishi. Mtoto amepima vizuri, amepata jibu la kweli, halafu amelifuta kwa mkono wake mwenyewe.

Kitabu nacho hakikudanganya. Nyuzi 100 ni za usawa wa bahari, na mtoto wa Likoni atazipata. Katikati ya jiji letu ni kama mita 1,660 juu ya bahari, na Dagoretti inakaribia 1,800. Hewa iliyobaki juu yetu ni pungufu, kwa hiyo shinikizo lake ni kilopaskali 82 au 83 badala ya 101 za pwani. Maji huchemka pale shinikizo la mvuke wake linapolingana na shinikizo la hewa inayoyakandamiza. Hewa ikikandamiza kidogo, maji huwahi kuchemka. Kwa hesabu ya haraka, kila ukipanda mita 300 toa nyuzi moja. Gawanya 1,700 kwa 300 upate 5.7, uitoe kwenye 100, na jibu linakaa palepale kipimajoto kilipokwama.

Tangu Gredi ya 7 ianze chini ya mtaala wa umilisi mwaka 2023, madarasa mengi ya sekondari msingi yamekuwa ndani ya shule za msingi ambazo hazikujengewa maabara. Mzazi anasikia "jaribio" na kudhani mtoto wake ataachwa nyuma. Sehemu kubwa ya majaribio ya Gredi ya 7, 8 na 9 yanawezekana kwa sufuria, chupa na vitu vya duka la dawa, mradi mtu mzima asimame karibu na moto. Kinachokosekana mara nyingi ni mazoea ya kupima na kuamini kipimo.

Anza na kipimajoto chenyewe. Nunua cha maabara kinachofika nyuzi 110. Cha hospitali hakifai kabisa: cha kioo huishia nyuzi 42, kitapasuka. Kabla ya kuchemsha chochote, jaza glasi barafu iliyopondwapondwa, ongeza maji kidogo tu, koroga, subiri dakika tatu, usome. Barafu inayoyeyuka ni nyuzi 0 Nairobi kama ilivyo Mombasa, kwa sababu shinikizo la hewa haliigusi kwa kiasi unachoweza kukiona. Kipimajoto kikisoma 1, basi kina hitilafu ya nyuzi moja, nawe utaitoa kwenye usomaji wako karibu na sifuri. Usidhani hitilafu ni hiyohiyo hadi juu. Ndiyo maana maji yanayochemka hutumika kama kituo cha pili cha ukaguzi, na cha kwetu ni 94.

Sasa mililita 300 za maji kwenye sufuria ndogo, moto wa wastani. Funga kipimajoto kwa uzi kwenye mwiko uliolazwa juu ya sufuria ili ncha yake ining'inie katikati ya maji. Ikigusa chini, utakuwa unapima chuma. Soma kila dakika moja, jicho likiwa usawa mmoja na alama. Ukisoma kutoka juu unapata namba kubwa kuliko ilivyo, ukisoma kutoka chini unapata ndogo. Viputo vidogo vitakavyojitokeza kwenye nyuzi 50 au 60 si kuchemka, ni hewa iliyokuwa imeyeyuka majini ikitoka. Endelea kusoma hata baada ya maji kuchachamaa, angalau mara tano, kwa kuwa thamani ya jaribio hili iko kwenye mstari ulionyooka wa grafu. Moto unaendelea kuwaka na joto halipandi tena, maana nishati yote inatumika kugeuza maji kuwa mvuke. Ongeza moto, mstari utabaki hapohapo. Mama anayeongeza mkaa ili githeri iive upesi anapata mvuke mwingi zaidi, joto ni lilelile. Sufuria ya presha inasaidia kwa kuwa inazuia mvuke, shinikizo la ndani linapanda, na maji yanapita nyuzi 110.

Watoto huuliza kuhusu chumvi. Ili kupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi moja tu, unahitaji karibu gramu 58 za chumvi katika lita moja ya maji, chakula kisicholika. Kidole kimoja cha chumvi hakibadilishi chochote ambacho kipimajoto cha shule kinaweza kuonyesha.

Kabla ya kuendelea, neno kuhusu daftari. Utabiri uandikwe kabla ya moto kuwashwa, kwa kalamu ya wino. Jedwali lichorwe kabla, vipimo viwe kwenye kichwa cha safu na si kando ya kila namba. Na tafadhali mwalimu, usikubali "makosa ya kibinadamu" kama sababu ya matokeo kutofautiana. Maneno hayo hayasemi kitu. Mwanafunzi aseme ni kosa gani na limesukuma namba upande gani: "ncha iligusa sufuria, kwa hiyo usomaji ulikuwa juu kuliko joto la maji." Sentensi ya namna hiyo inaonyesha fikra za sayansi kuliko ukurasa mzima wa maelezo ya kukariri.

Asidi na besi

Kiashiria, yaani kitu kinachobadili rangi kikikutana na asidi au besi, kilicho bora nyumbani ni kabichi ya zambarau. Utaipata City Park au kwenye maduka makubwa ya mboga. Katakata gramu 200, mwagia mililita 500 za maji yanayochemka, acha dakika 15, chuja. Weka mililita 10 za maji hayo katika kila kikombe cha plastiki angavu kwa kutumia bomba la sindano lisilo na sindano, lile la mililita 10 la duka la dawa. Bomba hilo ndilo silinda yako ya kupimia, na kwa ujazo mdogo ni sahihi kuliko nyingi zilizo shuleni. Kisha ongeza mililita 5 za kitu unachokipima.

Maji ya ndimu na siki yatageuka waridi au mekundu. Baking soda itatoa buluu. Magadi yaliyoyeyushwa, yale ya kuungia maharagwe yanayotoka Ziwa Magadi kule Kajiado, yatakwenda kwenye kijani, kwa sababu yana kaboneti ya sodiamu ndani yake, nayo ni besi yenye nguvu kuliko baking soda. Sabuni ya kipande nayo ni kijani. Maji ya mfereji mara nyingi huvuta kwenye buluu kidogo, na hapo mwanafunzi anayetarajia zambarau safi huanza kushuku kabichi. Kabichi haina neno. Maji ya mfereji hayalazimiki kuwa katikati kabisa. Kwa ulinganisho tumia maji yaliyotoneshwa, ila uwe macho: vituo vya mafuta huyauza kwa jina la maji ya betri, huuza pia asidi ya betri, na chupa zake zinaweza kufanana. Asidi ya betri ni asidi ya salfuriki, inachoma ngozi na kupofusha. Soma kibandiko mara mbili, na kama hakisomeki usinunue.

Rozela kavu, yale maua mekundu ya kutengenezea chai, inapendekezwa mno kama kiashiria, mimi sipendekezi kwa kuanzia. Maji yake tayari ni mekundu kwa asidi yake mwenyewe, kwa hiyo ukitia ndimu huoni badiliko. Inafaa kuonyesha besi tu.

Jambo la hatari zaidi katika sehemu hii ni Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo. Kila darasa lina mtu anayetaka kuipima. Itaifuta rangi ya kabichi ibaki manjano hafifu au isiwepo, na mwanafunzi ataandika "besi kali". Kilichotokea ni kwamba rangi imeoksidishwa, imeharibiwa, haiwezi kurudi. Kwa vikombe vingine kuna njia ya kuhakikisha: dondosha ndimu polepole kwenye kikombe cha magadi, povu litoke, na rangi itarudi kutoka kijani hadi buluu, zambarau, kisha waridi. Kwenye Jik usithubutu kufanya hivyo. Jik ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Iache nje ya jaribio kabisa.

Maji ya chokaa, na kwa nini hayarudi kuwa angavu

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu jaribio moja linabeba gesi, mabadiliko ya kemikali na ugumu wa maji wa Gredi ya 9, na kwa sababu hatua yake ya mwisho huwashinda wengi bila wao kujua kisa.

Chokaa iliyozimwa, yaani haidroksaidi ya kalisiamu, inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Hakikisha si chokaa hai, ile inayochemka ikiguswa na maji, na si ile ya kupaka iliyochanganywa rangi. Tia kijiko kimoja cha chai katika lita moja ya maji, funga, tikisa, acha usiku kucha. Nyingi itazama chini, na hivyo ndivyo inavyopaswa, maana lita moja ya maji huyeyusha gramu 1.7 hivi tu. Asubuhi mimina taratibu yale maji angavu ya juu kwenye chupa nyingine, uifunge kabisa. Ukiiacha wazi, utando mweupe utatanda juu. Hiyo ni kabonidayoksaidi ya hewani ikifanya kazi kabla yako. Maji haya ni besi kali, yasiingie machoni, na mtoto asiyanyonye kwa mrija hata kidogo.

Gesi ya kabonidayoksaidi itengeneze kwenye chupa ya lita moja: kijiko kimoja cha chai cha baking soda na mililita 50 za siki. Kiasi hicho kinatoa karibu lita moja ya gesi, ya kutosha na kubaki. Toboa kizibo, pitisha mpira wa dripu, ziba pembeni kwa plastisini. Ncha ya pili ya mpira itumbukize kwenye maji ya chokaa, nayo iwe wazi wakati wote, kwa sababu chupa iliyozibwa kabisa itapasuka. Usitumie chupa ndogo. Povu likipanda hadi kwenye mpira, matone ya siki yatavuka na kuingia kwenye maji ya chokaa, nayo ni asidi, kwa hiyo maji hayo hayatapauka, yaani hayatakuwa meupe kama maziwa, kamwe. Maji ya chokaa yakikataa kupauka, sababu ya kwanza ya kuchunguza ni hiyo.

Yakipauka, weupe ule ni kaboneti ya kalisiamu, unga uleule wa mawe ya chokaa yanayochimbwa Bamburi na Athi River kutengenezea saruji. Kitabu kinasema uendelee kupitisha gesi na weupe utatoweka, kwa kuwa kaboneti inageuka kuwa haidrojenikaboneti ya kalisiamu inayoyeyuka. Mwanafunzi anapuliza, anapuliza, na maji yanabaki kama maziwa. Anaandika tena kile ambacho kitabu kimesema.

Kisa ni wingi wa chokaa. Maji ya chokaa yaliyoshiba yana kalisiamu nyingi kuliko inavyoweza kushikiliwa katika umbo la haidrojenikaboneti, hata ukipitisha kabonidayoksaidi tupu. Pumzi ina asilimia 4 hivi tu ya gesi hiyo, ndiyo kabisa haiwezi. Dawa yake ni kuyazimua: mililita 20 za maji ya chokaa na mililita 80 za maji ya mvua au yaliyochemshwa yakapoa. Pitisha gesi ya chupa, si pumzi. Yatapauka, na ukivumilia dakika kadhaa yatarudi kuwa angavu kabisa.

Usiyamwage, kwa kuwa sasa una maji magumu ya muda uliyoyatengeneza mwenyewe. Gawa mafungu mawili. La kwanza tia matone matano ya maji ya sabuni ya kipande, tikisa, uone utando mchafu badala ya povu. La pili lichemshe dakika tano: weupe unarudi, kabonidayoksaidi imefukuzwa na kaboneti imejitenga tena, kama ule ukoko mweupe ndani ya birika. Chuja, tia matone matano yaleyale ya sabuni. Povu litakuja upesi zaidi. Sabuni ya unga isitumike hapa, imetengenezwa isijali ugumu wa maji, nayo itatoa povu kote na kuharibu ulinganisho. Kwa ugumu wa kudumu, yeyusha robo kijiko cha chai cha chumvi ya Epsom katika lita moja ya maji. Chemsha utakavyo, ugumu hautatoka, kwa sababu salfeti ya magnesiamu haivunjwi na joto la kuchemka.

Majani na wanga

Mmea wa kopo ufichwe gizani siku mbili ili utumie wanga wake, kisha jani moja lifunikwe nusu kwa karatasi ya foili na mmea uwekwe juani saa tano au sita. Tumia jani laini kama la maharagwe. La sukuma wiki lina nta, na la kitunguu halihifadhi wanga wa kuonekana. Chemsha jani dakika moja ili seli zife na milango yake ifunguke, kisha liweke kwenye glasi yenye spiriti.

Spiriti haipandi jikoni. Chemsha maji, ZIMA moto, ondoa sufuria mbali, ndipo uiweke glasi ya spiriti ndani ya maji hayo moto. Hapa Nairobi ethanoli huchemka karibu na nyuzi 73, kwa hiyo maji ya nyuzi 90 yaliyotolewa motoni yanatosha na kubaki. Jani litakuwa jeupe na kukauka kama biskuti. Lichovye kwenye maji ya moto lilainike, kisha dondoshea ayodini iliyozimuliwa hadi rangi ya chai ya rangi. Sehemu iliyopata mwanga itakuwa buluu nyeusi, dalili ya wanga, iliyofunikwa itabaki kahawia. Jani zima likiwa buluu, giza halikutosha. Zima likiwa kahawia, jua halikutosha, au ayodini imekaa miaka kwenye kabati. Ijaribu kwanza kwenye kipande cha mkate.

Umeme

Sehemu hii ni nyepesi, vifaa vyake vipo Luthuli Avenue, na makosa ni machache yanayojirudia. Balbu ya tochi ya volti 2.5 huwaka vizuri kwa seli mbili za volti 1.5. Seli nne huikata. LED nyekundu inahitaji karibu volti 2 na nyeupe karibu 3, hivyo seli moja haitaiwasha hata ikiwa mpya, na ukiigeuza haitawaka hata kwa seli tatu. Mguu mrefu ndio wa chanya. Ukitumia seli tatu, weka kinzani ya omu 100 mfululizo nayo. Kwa sumaku ya umeme, zungusha waya wa shaba mara 50 kwenye msumari wa inchi nne, na usisahau kukwangua ncha zake kwa msasa: waya huo umepakwa vanishi angavu isiyopitisha umeme, na ndiyo sababu ya sumaku nyingi "kukataa". Unganisha kwa sekunde kumi tu kwa wakati, hesabu pini zilizonaswa, pumzisha seli. Ukiacha imeunganishwa seli hupata moto na kuisha, na jaribio la mizunguko 100 litaonekana dhaifu kuliko la 50, kinyume cha ukweli.

Kuhesabu mimea

Kwa mazingira ya viumbe, Arboretum au Karura zinafaa, lakini hata uwanja wa shule una ya kutosha. Tengeneza fremu ya mraba ya sentimita 50 kwa 50 kwa vijiti au waya. Usiirushe kwa kulenga, wala usiirushe ukiangalia nyuma, maana mkono bado huchagua palipo wazi. Weka kamba mbili za mita 10 zilizokutana kwa pembe mraba, andika namba 0 hadi 10 kwenye vikaratasi, chomoa moja kwa kila kamba huku ukikirudisha kila kikaratasi, na uiweke fremu pale zinapokutana. Rudia mara kumi. Mmea uliokaa juu ya mpaka uhesabiwe ukiwa upande wa juu au wa kushoto, uachwe ukiwa wa chini au wa kulia, la sivyo unahesabu kupita kiasi. Kila fremu ni robo ya mita mraba. Ukipata mimea 40 kwenye fremu kumi, eneo ulilohesabu ni mita mraba 2.5, hivyo wastani ni mimea 16 kwa kila mita mraba. Andika pia idadi ya kila fremu peke yake, kwa sababu fremu moja yenye 25 na nyingine tupu zinaeleza kuhusu kivuli, maji na njia za miguu mambo ambayo wastani hauyaonyeshi.